Kuhakiki Darubini ya Redio kwa Kupatwa kwa Jua

Mchana wa tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha Mwezi kitavuka Mlango wa Gibraltar, kipite kaskazini mwa Moroko, Algeria, Tunisia na Libya, kikate Misri, kiruke Bahari ya Shamu hadi Jeddah na Makka, kipite Yemen, kisha kiage bara letu kwenye pembe ya Somalia. Karibu na Luxor giza litadumu dakika 6 na sekunde 23, muda ambao ni nadra sana. Kwetu Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa jamaa zetu walioko Oman, jua litamegwa upande tu. Lakini kwa shule, klabu ya sayansi au fundi mwenye dishi la televisheni lililokaa bure, hiyo sehemu itakayomegwa inatosha kufanya kazi ambayo wanaastronomia wameifanya tangu miaka ya 1940: kuhakiki darubini ya redio.

Darubini ya redio haikupi picha. Inakupa namba. Tuseme kipimo chako kinaonyesha milivolti 850. Ndani ya namba hiyo mna mawimbi kutoka angani, mna kelele za saketi zenyewe, na mna joto la ardhi linalopenya kutoka kando za dishi. Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi ya redio, uwe ukuta, mwembe au mwili wa mtu, na kwa sababu hiyo wanaastronomia hupima nguvu ya mawimbi hayo kwa Kelvini, kama wapimao joto. Kazi ya kuhakiki ni kujua kati ya zile milivolti 850 ngapi ni za jua, na milivolti moja ni sawa na Kelvini ngapi.

Mkaguzi wa Wakala wa Vipimo akiingia dukani na kuhakiki mizani, huhitaji vitu viwili: jiwe ambalo uzito wake unajulikana, na sahani tupu ili aone kama mizani inarudi kwenye sifuri. Darubini kubwa zina mawe yake angani. Mabaki ya nyota zilizolipuka, kama Taurus A na Cassiopeia A, yamepimwa kwa uangalifu kwa miongo mingi na nguvu yake inajulikana vizuri. Dishi la sentimita 80 haliwezi kuyasikia kwa urahisi. Kwake jiwe ni jua, ambalo katika masafa ya televisheni ya satelaiti lina nguvu maelfu ya mara kuliko vyanzo hivyo. Matatizo yako kwenye sahani tupu. Kwa kawaida, ili upate sifuri, unaligeuza dishi litazame anga pasipo na jua. Ukiligeuza, umebadilisha mambo matatu kwa mpigo: kiasi cha ardhi kinachochungulia kwenye kando za dishi, unene wa hewa ambayo mawimbi yanapita, na pengine hata mkao wa chuma kilichopinda kidogo kwa uzito wake. Sifuri uliyoipata ni ya mahali pengine.

Jua likipatwa, dishi linaendelea kulitazama. Ardhi ni ileile, hewa ni ileile, na kinachobadilika ni chanzo chenyewe, kinachofunikwa na kizuizi ambacho njia yake imekokotolewa kabla kwa usahihi wa sekunde. Mwezi na jua vina upana unaokaribiana sana angani, takriban nusu ya nyuzi moja. Katika mawimbi ya sentimita tatu hivi jua hung'aa kama kitu cha Kelvini 12,000 hivi, na Mwezi kama kitu cha Kelvini mia mbili na kitu. Hakuna maabara inayoweza kujenga swichi ya namna hiyo.

Wa kwanza kuitumia nafasi hii kwa mawimbi mafupi walikuwa Robert Dicke na Robert Beringer wa Marekani, waliopima kupatwa kwa tarehe 9 Julai 1945 kwa wimbi la sentimita 1.25. Dicke ndiye aliyebuni kipokezi kinachorukaruka kati ya antena na kipande chenye joto linalojulikana, mara nyingi kwa sekunde, ili kelele za saketi zijulikane na kuondolewa. Ubunifu huo bado unatumika hadi leo.

Mwaka uliofuata, tarehe 23 Novemba 1946, Arthur Covington alikuwa Ottawa, Kanada, na dishi dogo lenye upana wa mita 1.2 hivi, lililoundwa kwa masalia ya rada za vita. Wimbi lake lilikuwa sentimita 10.7. Dishi kama hilo husikia kwa pamoja eneo la anga lenye upana wa nyuzi sita hivi, kwa hiyo jua lote kwake ni nukta. Asingeweza kamwe kujua ni sehemu gani ya jua inayonguruma. Lakini ukingo wa Mwezi ulipopita juu ya kundi kubwa la madoa ya jua, mstari kwenye karatasi yake ulishuka kuliko ilivyostahili kwa eneo dogo kiasi kile. Hivyo ikajulikana kwamba maeneo yenye madoa hutoa mawimbi mengi kupita sehemu nyingine za uso wa jua. Tangu mwaka 1947 Kanada imekuwa ikipima jua kila siku kwa wimbi hilohilo, siku hizi kutoka kituo cha Penticton katika jimbo la British Columbia, na namba hiyo hutangazwa kwa ulimwengu mzima bila malipo. Ndiyo itakayokuwa jiwe letu, kwa hiyo iandike kichwani: kipimo cha jua cha sentimita 10.7.

Tarehe 1 Novemba 1948 Waaustralia walipiga hatua zaidi. W. N. Christiansen, Don Yabsley na Bernard Mills waliweka vituo vitatu, Potts Hill karibu na Sydney, Rockbank katika jimbo la Victoria na Strahan kisiwani Tasmania, wote wakitumia wimbi la sentimita 50. Ukiwa mahali pamoja, kushuka kwa mstari kunakuambia tu kwamba doa liko mahali fulani kwenye ukingo wa Mwezi kwa dakika ile. Ukiwa mahali patatu, unapata kingo tatu zilizopinda pande tofauti, na zinapokatana ndipo doa lilipo. Baada ya hapo Christiansen alichoka kungoja Mwezi. Akajenga msururu wa madishi 32 palepale Potts Hill ili alichanganue jua siku yoyote anayotaka. Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha upungufu mmoja uliotatuliwa kwa ubunifu wa aina mbili: kwanza kuuazima ukingo wa Mwezi, kisha kuutengeneza ukingo wako mwenyewe kwa hisabati.

Kuna onyo moja ambalo mtu asipolijua atapoteza siku yake. Tarehe 20 Mei 1947 Wasovieti walisafiri hadi Brazili kwa meli iitwayo Griboyedov. Semyon Khaikin na Boris Chikhachev walipima jua kwa wimbi la mita 1.5. Jua lilipofunikwa lote na kuwa giza, redio yao ilibakiza takriban asilimia 40 ya nguvu. Vitaly Ginzburg na Iosif Shklovsky, ambao nao walikuwamo katika msafara, walikuwa wameshakokotoa sababu: mawimbi marefu hayatoki kwenye uso wa jua tunaouona, yanatoka kwenye korona, lile taji la gesi jembamba lenye joto la mamilioni ya nyuzi ambalo limetanda mbali nje ya uso na Mwezi hauwezi kulifunika. Kwa mawimbi ya mita, basi, kupatwa kwa jua hakuzimi jua. Kwa kuhakiki chombo chagua mawimbi ya sentimita chache, ambayo hutoka karibu sana na uso. Hata hapo, kwenye giza kamili, asilimia chache zitabaki, kwa kuwa jua la redio ni pana kidogo kuliko jua la macho.

Bahati nzuri, mawimbi ya sentimita chache ndiyo hasa yanayopokewa na dishi la televisheni. Huenda umeshaona ushahidi bila kuutambua. Kila mwezi wa Machi na wa Septemba kuna siku chache ambapo picha hukwaruza au hupotea kwa dakika kadhaa mchana, kisha hurudi. Jua linakuwa limepita nyuma kabisa ya satelaiti, na kelele zake zinaizidi nguvu satelaiti. Dishi lako limekwisha kuwa darubini ya jua; halijapewa tu kalamu ya kuandika.

Vifaa si vingi. Unahitaji dishi la sentimita 60 hadi 120, LNB nzima (kile kichwa kinachokaa kwenye mkono ulio mbele ya dishi), waya wa dishi, na kitu cha kuilisha LNB umeme usiobadilika. King'amuzi cha zamani kinaweza kufanya kazi hiyo. Kifaa chenye mshale ambacho mafundi hutumia kutafutia satelaiti kitakuonyesha kwamba jua lipo, na kinafaa kabisa kwa watoto kujionea. Kwa kazi ya kuhakiki, kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa USB ni bora, kwa kuwa kinaandika namba kila sekunde pamoja na saa. Jambo la lazima kabisa: zima ile sehemu ya kipokezi inayojiongeza na kujipunguza yenyewe. Ikiachwa, jua likipungua kipokezi kitajiongeza nguvu ili kufidia, nawe utapata mstari ulionyooka siku nzima na hutajua kwa nini.

Agosti ina faida ambayo watu wachache wanaifikiria. Satelaiti za televisheni zimejipanga juu ya ikweta, na tarehe 2 Agosti jua liko nyuzi karibu 18 kaskazini ya ikweta. Dishi likilifuata jua siku hiyo halitakutana na satelaiti hizo. Aidha ni msimu wa kipupwe. Pwani na bara mvua ni chache sehemu nyingi, na mawingu mepesi hayazuii mawimbi haya. Mvua kubwa huzuia.

Kwa kulenga, usilitazame jua. Si kwa macho matupu, si kwa filamu ya eksirei, si kwa kioo kilichopakwa masizi. Anayetaka kuliona avae miwani ya kupatwa yenye alama ya kiwango cha ISO 12312-2. Dishi lenyewe lenga kwa kivuli: lisogeze taratibu mpaka namba ifike juu kabisa, kisha weka alama ya kalamu pale kivuli cha LNB na mkono wake kinapoangukia. Kuanzia hapo, kivuli kikiwa kwenye alama, dishi liko juani. Kama dishi linameremeta, lipake rangi isiyong'aa kwanza, maana uso unaong'aa hukusanya joto la jua kwenye LNB na kuiyeyusha.

Anga huzunguka nyuzi moja kila dakika nne. Dishi la sentimita 80 husikia eneo la nyuzi mbili na nusu hivi, na likikosea kwa nusu ya nyuzi tu hupoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya nguvu ya jua. Hasara hiyo ni kubwa kuliko mambo tunayotaka kuyapima. Kwa dishi la kusukuma kwa mkono, usijaribu kulikimbiza jua. Litangulie: lielekeze nusu ya nyuzi mbele ya jua, liache, na kwa dakika nne jua litapanda hadi kileleni na kuanza kushuka. Chukua kilele. Kisha litangulie tena. Kila mpito utakupa kipimo kimoja safi. Ukifanya mpito mmoja mrefu siku ya kabla, ukaliacha jua liingie na kutoka lenyewe kwa nusu saa, utapata pia umbo la eneo zima ambalo dishi lako linalisikia, jambo ambalo ni nusu ya uhakiki.

Sasa hesabu. Kabla jua halijaanza kumegwa, lielekeze dishi ukutani au kwenye ardhi kavu, ambayo ina Kelvini 300 hivi. Halafu lielekeze juu kwenye anga tupu, ambalo kwa masafa haya ni Kelvini 10 hivi. Tuseme ardhi imetoa milivolti 870 na anga milivolti 290, yaani mara tatu. Ukiita kelele za chombo K, basi 300 na K ni mara tatu ya 10 na K. K ni 135. Anga na chombo kwa pamoja ni Kelvini 145, zinazoonekana kama milivolti 290, kwa hiyo milivolti mbili ni Kelvini moja. Jua zima likikupa milivolti 850, jua peke yake limeongeza Kelvini 280. Kwa dishi la ukubwa huu hilo ni jibu la kawaida. Likiwa Kelvini 100 tu, dishi limepinda au LNB haiko mahali pake.

Hapo unaleta lile jiwe. Chukua kipimo cha jua cha siku hiyo. Kile cha sentimita 10.7 kitakuambia kama jua limetulia au lina madoa mengi. Kwa masafa ya televisheni tafuta vipimo vya vituo vinavyopima jua kwa megahazi 8,800 na 15,400, halafu kadiria kilicho katikati. Ukijua nguvu iliyofika ardhini na Kelvini ulizopata, unapata eneo ambalo dishi lako linafanya kazi kweli. Kwa kawaida ni theluthi mbili hivi ya eneo unalolipima kwa futi, na kila fundi anapaswa kuijua namba ya dishi lake.

Kinachoongezwa na kupatwa ni ngazi. Ardhi na anga vimekupa nukta mbili, nawe umedhani kwamba kati yake kuna mstari ulionyooka. Huenda hakuna. Vipokezi vingi vya bei nafuu hujibu vizuri vikiwa na nguvu ndogo na kuchoka nguvu ikiongezeka. Jua linapomegwa kwa robo, kwa theluthi, kwa nusu, linakupa nukta nyingi za katikati, na programu ya bure kama Stellarium itakuonyesha kwa mahali ulipo Mwezi umefika wapi kila dakika, na kutokana na hapo unapata sehemu ya jua iliyobaki. Nusu ya jua ikibaki, dishi la mfano wetu linapaswa kuonyesha milivolti 570. Likionyesha 640, kuna jambo.

Jambo gani? Hapa ndipo penye utamu wa kazi yote. Jua lina madoa, kama Covington alivyoonyesha, kwa hiyo mstari uliopinda unaweza kuwa kosa la chombo au ukweli wa jua. Tofauti yake inaonekana ukilinganisha safari mbili, ya kufunika na ya kufunua. Chombo chenye kosa hukosea vilevile kila kinapofika kwenye nguvu ileile, wakati wa kushuka na wakati wa kupanda. Doa la jua hufunikwa kwa saa moja na kufunuliwa kwa saa nyingine, na jua la kabla na la baada hayalingani. Chora mistari yote miwili kwenye karatasi moja, mmoja juu ya mwingine. Penye kupinda pamoja rekebisha chombo. Penye kuachana angalia picha ya jua ya siku hiyo, na mara nyingi utakuta kundi la madoa palepale Mwezi ulipokuwa ukipita.

Adui mwingine ni baridi. Jua likimegwa sana hewa hupoa, na LNB iliyokuwa ikiungua juani hupoa pia, nayo ikipoa hubadilisha nguvu yake. Mabadiliko hayo huenda sambamba na kupatwa kwenyewe, kwa hiyo yanadanganya vibaya. Funga kipimajoto kwenye LNB na uandike joto pamoja na kila kilele. Ifunike LNB kwa karatasi nyeupe tangu asubuhi ili isipigwe na jua moja kwa moja. Rudi ardhini kwa dishi kila baada ya nusu saa uone kama zile milivolti 870 bado ni 870. Tena fanya kazi yote, saa zilezile, siku ya kabla na siku ya baada. Siku hizo mbili zisizo na kupatwa ndizo zitakazokuambia siku ya katikati ilikuwa na nini.

Madishi makubwa yana mahitaji tofauti. Ghana ilibadili dishi la mawasiliano la mita 32 kule Kuntunse likawa darubini ya redio mwaka 2017, na dishi la ukubwa huohuo katika kituo cha Longonot, Bonde la Ufa, limewahi kutajwa kuwa linafaa kugeuzwa vivyo hivyo. Dishi la mita 32 huona eneo dogo kuliko jua lenyewe. Kwake ukingo wa Mwezi ni kisu kinachokata polepole, theluthi hadi nusu ya sekunde ya tao kila sekunde ya saa, na namna namba inavyoshuka kisu kinapopita inaonyesha umbo la eneo linalosikiwa na dishi. Ni lazima wahandisi wajue kwanza kama dishi hilo linaruhusiwa kutazama jua. Mengi hayaruhusiwi, kwa kuwa joto linalokusanywa na mita 32 za chuma linaweza kuunguza kilichoko mbele.

Kwa atakayepima tarehe 2 Agosti 2027, kupatwa kutaonekana Afrika Mashariki mchana, kati ya saa sita na saa kumi hivi kutegemea mahali, kwa hiyo vilele vya kwanza vianze mapema kabla ya saa sita. Andika mahali ulipo kwa latitudo na longitudo, upana wa dishi, aina ya LNB, joto, na saa iliyolinganishwa na ya simu yenye mtandao. Shule mbili zilizo mbali, tuseme Mombasa na Kigoma, zikipima kwa pamoja zinaweza kurudia kwa vifaa vya televisheni jambo lilelile walilofanya Waaustralia mwaka 1948. Na ziweke kumbukumbu hizo vizuri, kwa sababu tarehe 21 Mei 2031 kupatwa kwa pete kutapita juu ya Tanzania kwenyewe. Mwezi siku hiyo utakuwa mdogo kidogo kuliko jua, mduara wa moto utabaki kuuzunguka, na dishi halitashuka hadi kwenye anga tupu. Kiasi litakachobakiza kinaweza kukokotolewa kabla, kwa Kelvini.